Mkunga Aliyebatiza kwa Gongo

Sogeeni karibu na jiko, na anayetaka kubisha angoje nimalize, maana nikikatizwa huwa naongeza chumvi. Habari hii ni ya Manda, mkunga wetu wa Lugovi. Nusu ya hawa mnaowaona wakipita barabarani na masharubu yao walitua kwanza mikononi mwake. Alikuwa mwanamke mfupi, mpana, mwenye viganja vya moto hata theluji ikianguka. Inasemekana asubuhi moja alizalisha ng'ombe, nguruwe na mke wa mwalimu, akarudi nyumbani maziwa aliyoyaacha jikoni hayajachemka. Huo ni uongo. Mimi nilikuwapo, na maziwa yalikuwa yameanza kuchemka kidogo.

Manda hakutoka nyumbani bila chupa ya rakija. Rakija ndiyo gongo letu la plamu. Kila nyumba hupika yake vuli ikiingia, na kila nyumba huamini kwamba ya jirani ni maji ya kusuuzia vyombo. Lakini rakija ya Blaž, mume wa Manda, haikuwa na mbishi. Aliipika mara mbili. Nzi akipita juu ya chupa iliyo wazi alianguka akiimba, na kuku wangu mmoja aliyedonoa makapi yake alitaga mayai yaliyobingirika hata kwenye meza iliyonyooka. Kwa gongo hilo Manda aliosha mikono, akaosha mkasi, akamsugua mama mgongo, akampa baba kikombe asije akazimia na kuongeza kazi. Na kwa gongo hilohilo, jambo ambalo sote hatukulijua, alibatiza.

Mtoto akizaliwa huku anaelekea kufa, na padri yuko mbali, mtu yeyote anaweza kumbatiza, na kwetu kazi hiyo ilikuwa ya mkunga. Mtoto akipona, hupelekwa kanisani apakwe mafuta na kumaliziwa yaliyobaki, lakini hamiminiwi tena, kwa kuwa ubatizo ni mmoja. Akifa, anazikwa ndani ya ukuta wa makaburi pamoja na babu zake. Asiyebatizwa alizikwa nje ya ukuta, kwenye upupu. Ndivyo ilivyokuwa enzi hizo, na padri wetu wa zamani, Padri Bartol, hakuwa mtu wa kubishana na ukuta.

Huyo Bartol, kila Manda alipomletea habari ya mtoto aliyebatizwa nyumbani, alimuuliza jambo moja tu: "Maneno uliyasema yote?"

"Niliyasema, Padri."

Basi. Hakuuliza alimimina nini. Angeulizaje? Humuulizi mtu kama supu aliinywa kwa mdomo. Na chumba cha mzazi kikinuka rakija, nani atashangaa? Kikinuka maua ndipo tungeshangaa.

Bartol alipokufa tukaletewa Padri Vinko, kijana mwembamba mwenye miwani, na pikipiki ndogo iliyokohoa kuliko mzee Grga mchimba makaburi. Hakuwa amemaliza hata kufungua mizigo yake, akatuita wanawake jikoni kwake, akaweka boga mezani.

"Huyu ni mtoto," akasema.

"Wa nani?" akauliza Reza, mke wa mhunzi. "Mbona kafanana na Grga?"

Tukacheka mpaka padri naye akacheka. Akasema tufikirie kwamba mtoto huyu anapumua kwa shida na yeye padri yuko mjini. Tunafanya nini? Macho yote yakamwendea Manda.

"Bibi Manda, hapa wewe ndiye mwalimu. Hebu tuonyeshe."

Manda akasimama, akafuta viganja kwenye aproni, akalibeba lile boga kichwa kikiwa juu ya mkono wa kushoto, kama anavyobebwa mtoto ambaye shingo haijakaza. Na hapa sitanii. Uso wake ulibadilika. Boga lile lilibebwa kwa heshima ambayo wengine hatujawahi kubebwa nayo. Akatoa chupa mfukoni, akang'oa kizibo kwa meno, akamimina mara tatu juu ya utosi wa boga, taratibu, bila kukosa neno: "Nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu."

Harufu ikajaa jikoni. Paka wa padri akatoka nje.

"Vizuri kabisa," akasema Padri Vinko. "Maneno sahihi. Leo ni mazoezi, umetumia ulichokuwa nacho mfukoni, sawa. Kwa mtoto wa kweli, bila shaka, unatumia maji."

"Maji?"

"Ndiyo, maji."

"Maji ni ya kuogea, Padri. Mtoto anakwenda kwa Mungu, mimi nimmwagie maji ya ndoo? Hii ni ya Blaž. Imepikwa mara mbili."

Reza alianza kucheka, akauona uso wa padri, akanyamaza.

"Tangu lini, mama?" padri akauliza kwa sauti ya chini.

"Tangu wa kwanza."

"Wote?"

"Wote. Sijamdhulumu hata mmoja."

Padri Vinko akaketi. Akatueleza, na alieleza kwa upole, kwamba Bwana mwenyewe alitaja maji, na kwamba pasipo maji hakuna ubatizo hata anayemimina awe papa wa Roma. Jikoni kukawa kama soko. Mmoja anasema moyo wa Manda ni mweupe kama maziwa. Mwingine anasema Mungu hanusi chupa. Mwingine anataka kujua kama mumewe sasa ni mpagani, na kama ni mpagani, ndoa inahesabika? Naye hakuuliza kwa huzuni.

Manda alikuwa bado amebeba boga.

"Walio hai nitawabatiza," akasema padri. "Hilo si gumu."

"Na waliokufa?"

"Waliokufa hawabatizwi, mama."

"Basi Mijo wangu yuko wapi?"

Padri akavua miwani, akaishika tu. "Sijui nikujibu vipi leo. Nipe muda."

"Mimi nimekaa miaka yote nikijua alipo," akasema Manda. Akaliweka boga mezani polepole, akalifuta kwa ncha ya aproni. "Umekuja wewe na pikipiki, sasa sijui."

Nikamsindikiza nyumbani. Hakusema neno mpaka tulipofika, na Manda akiwa kimya ni kama kinu kimesimama, unatafuta kilichoharibika.

Mijo alikuwa mtoto wake wa kwanza, na wa mwisho pia. Alizaliwa kabla ya wakati wake, kipindi cha baridi kali, Blaž akiwa mlimani na wakata magogo na njia imefungwa na theluji. Vuli ile mbweha alikuwa ametumbukia kisimani kwao akaozea humo, kwa hiyo maji waliyachota kwenye chemchemi ya mbali, na siku hiyo ndoo ilikuwa tupu. Manda alikuwa peke yake. Akajizalisha mwenyewe. Mtoto akatoka wa bluu, anapiga miayo kama samaki. Sasa kwetu, mtu akioa hupika rakija ya pipa moja dogo akaliziba, lisubiri harusi ya mtoto wake wa kwanza. Manda aliinuka kitandani, akajikokota mpaka chumba cha akiba, akalipasua lile pipa. Alimbatiza Mijo kwa rakija ya harusi yake. Mtoto akafumba macho, akafa akinukia plamu.

Mwaka uliofuata yeye ndiye aliyeitwa mtoto wa mhunzi alipozaliwa hapumui. Akammiminia vilevile. Mtoto akapiga chafya, akalia, na hajaacha kulia mpaka leo, muulizeni mkewe. Baada ya hapo nani angemwambia Manda atumie maji?

"Jula," akaniambia siku ile, ameketi na koti lake mwilini, "theluji ilikuwa imefika dirishani."

"Ndiyo, umewahi kunieleza."

"Theluji ikiyeyuka inakuwa nini?"

Nikageuka kulitazama dirisha.

"Ningefungua tu dirisha," akasema. "Ningeshika konzi moja. Sikuifikiria. Niliona theluji, sikuona maji."

"Moyo wako ulikuwa safi, mwenzangu. Mungu anajua."

"Kama moyo ulitosha, mbona niliinuka kitandani? Damu zilikuwa zinanitoka. Ningebaki hapo nimemkumbatia, nimpende, basi. Niliinuka kwa sababu nilijua kuna kitu cha kumpa ambacho hakitoki kwangu."

Mimi nina majibu ya kila kitu, hata ya maswali ambayo hayajaulizwa. Nikawasha jiko.

Jioni haikuwa imeingia Tonka akaja. Tonka ndiye jirani wa ng'ambo ya barabara, mwanamke mrefu, mkavu, ambaye kwa miaka yote alimwamkia Manda vizuri na hakuwahi kuingia kwake. Aliingia siku hiyo, akasimama karibu na mlango.

"Karibu, kaa," Manda akamwambia.

"Nitasimama. Nimesikia mambo ya boga."

"Kijiji kizima kimesikia."

"Wangu alifia mapajani mwangu, Manda, nikiita jina lako. Wewe ulikuwa kijiji cha Brezje kwa mzazi mwingine. Sikukulaumu, kazi ni kazi. Mama mkwe aliniambia nisithubutu kumbatiza mwenyewe, hilo ni la mkunga. Nami nilikuwa mtoto, nikatii. Lakini nilimtaka Mungu kwa ajili ya mwanangu kama ulivyomtaka wewe kwa wako. Nilimwita mpaka sauti ikakauka. Padri Bartol akasema kutaka hakutoshi, wakampeleka nje ya ukuta ndani ya sanduku la misumari."

"Najua, Tonka."

"Basi nieleze. Kama kutaka kunatosha, wangu anafanya nini kwenye upupu? Na kama hakutoshi, wako anafanya nini ndani?"

Blaž, aliyekuwa pembeni akijifanya anarekebisha kiatu, alikohoa.

"Sikuja kugombana," akasema Tonka. "Nilikuja kuuliza. Nyie mna padri anayewajibu." Akaondoka, akafunga mlango vizuri nyuma yake. Ni afadhali angeubamiza.

Kuanzia hapo Lugovi haikulala, yaani ililala, lakini midomo wazi. Jumapili baada ya misa wanaume walibaki uani kanisani wakijadili mambo ya mbinguni kama wanavyojadili bei ya nguruwe. Reza akasema wazi kwamba padri ni mtoto wa juzi, na kwamba nia njema ni tabibu.

"Nia njema ni tabibu, ndiyo," akajibu mzee Grga, "lakini tabibu naye aje na dawa. Marehemu Adam alikula uyoga wa sumu kwa nia njema kabisa. Aliamini kwa moyo wake wote kwamba ni ule mzuri. Alisema hivyo huku anatafuna. Nilimchimbia mwenyewe."

"Wewe Grga, unalinganisha ubatizo na uyoga?" Reza akang'aka.

"Silinganishi. Nasema tu Adam alikuwa mkweli, na uyoga nao ulikuwa mkweli."

"Basi na wewe ukifa tukuzike na uyoga wako!"

"Nizikeni na Reza, mtapata adhabu mnayonitafutia."

Walio hai walibatizwa Jumamosi moja mchana, kwa mlango wa nyuma wa kanisa, ili wasione haya. Lakini ukisema jambo lifanyike kwa siri Lugovi, hata mbwa huja kukaa mstari wa mbele. Walikuja watu wazima, wengine na watoto wao mgongoni, wameshika kofia. Padri alimwambia kila mmoja, "Kama hujabatizwa, nakubatiza," kwa sababu hakutaka kumdharau Mungu endapo alikwisha kufanya kazi yake. Mwanangu Evica alikuwa mmoja wao. Alikuja amenuna, ametoka kutengeneza nywele mjini, akauliza kama ni lazima maji yaguse nywele. Padri akamwambia yaguse ngozi. Evica akasema basi amtafutie sehemu yenye ngozi. Alimiminiwa utosini kama wengine, na alilia. Alisema ni kwa ajili ya nywele.

Wa mwisho alikuwa Šima, mwenyekiti wa ushirika, mtu wa chama, ambaye kwenye mikutano alitufundisha kwamba mbinguni hakuna mtu. Alifika ameshika futi ya kupimia.

"Nimekuja kukagua paa," akasema kwa sauti ya kusikika na wote.

"Paa liko juu," akajibu Padri Vinko.

Šima akamsogelea. "Nimwagie haraka basi, nina mkutano."

"Unaamini?"

"Padri, mimi ni mwenyekiti wa ushirika."

"Sikuuliza kazi yako."

"Mama yangu angetaka. Si inatosha? Hao wengine waliambiwa moyo bila maji hautoshi. Mimi nakuletea kichwa changu kwa ajili ya maji. Mwaga."

"Maji bila moyo nayo nitakuwa namwosha tu kiongozi wa ushirika," akasema padri. "Nenda kaketi. Ukipata jibu uniambie. La kweli."

Watu walidhani Šima atakasirika. Aliketi kwenye ngazi, akakunjua futi, akaikunja. Sisi tukajifanya tunaondoka na hatukuondoka. Mwishowe akarudi, shingo imekuwa nyekundu, akasema, "Kidogo. Naamini kidogo, upande mmoja. Usiku hasa."

"Kidogo kinatosha kuanzia," akasema Padri Vinko, akammiminia. Šima alitoka akidondosha maji, akatutangazia kwamba paa linavuja.

Manda aliyaona yote hayo akiwa kwenye benchi la nyuma. Kila aliyebatizwa alimpitia akamshika mkono, na hakuna aliyemtupia neno baya, naye aliwatazama vichwa vyao vyenye maji kama mtu mwenye njaa anayetazama wengine wakila. Wao walikuwa wamerekebishwa. Aliyelala chini ya jiwe dogo karibu na ukuta ndiye ambaye hakuna aliyeweza kumrekebisha.

Padri alikwenda kwake siku chache baadaye. Mimi nilikuwa hapo nikimenya maharage, na hakuna aliyeniambia niondoke, na kama wangeniambia nisingesikia, maana sikio langu huwa baya ninapofukuzwa.

Manda akamtilia kikombe, akamweleza aliyoyasema Tonka. Padri hakukigusa.

"Nilitaka kukuambia kwamba Mungu anatazama moyo, yameisha, lala salama," akaanza. "Ningekunywa, ningeondoka. Lakini wewe ungeniuliza mbona basi nimewasumbua wale wengine kwa maji."

"Ningekuuliza."

"Moyo wako ulikuwa wa kweli, mama. Sijapata kuona mtu akimshika mtoto vile, hata kama mtoto mwenyewe ni boga. Lakini moyo wa kweli hauwezi kumwokoa mtu, wako wala wangu. Ni mkono tu unaobisha hodi. Kufungua ni kazi ya aliye ndani."

"Na kama ulibisha kwenye ukuta, si mlango?"

Padri akafikiri. Nilimpenda hapo, kwa kuwa alifikiri kweli, hakutafuta maneno ya kitabuni.

"Aliye ndani anasikia hata ukutani," akasema. "Sisi alituamuru tupite mlangoni. Ni amri yake, nami siwezi kuibadilisha ili nikufurahishe. Lakini hakusema kwamba Yeye mwenyewe hana dirisha la kutokea."

"Una uhakika Mijo yupo kwake?"

"Kuhusu Mijo sina uhakika wa kukupa, na nikikupa nitakuwa nakudanganya. Kuhusu Yeye ninao."

Manda akatazama mikono yake. Nje Blaž alikuwa akigombana na nguruwe, na nguruwe alikuwa akishinda.

"Miaka yote," akasema, "nikipita kwenye kaburi lile nilijisemea, huyu nilimfikisha. Nilimfikisha mimi. Kwa chupa yangu."

"Na sasa?"

"Sasa itabidi niamini kwamba alipokewa. Ni vigumu zaidi, Padri. Chupa niliiona kwa macho."

"Ni vigumu," padri akakubali.

"Na wa Tonka?"

"Vipi wa Tonka?"

"Neno hilo la dirisha. Ni lake pia?"

"Ni lake pia. Sina neno moja la wako na lingine la wake."

"Hata bila chupa? Hata bila mtu kumsemea maneno?"

"Tonka alibisha hodi mpaka sauti ikakauka. Umeniambia mwenyewe."

Manda akanyamaza, na safari hii haikuwa kama kinu kilichosimama. Ilikuwa kama mtu anayepima mzigo kabla ya kuubeba. Kisha akasema, "Basi mtoto wangu hana kitu ambacho wake hana."

Padri alichukua kikombe, akanywa chote, macho yakamtoka. Blaž aliingia akadhani padri amesikia ungamo zito.

Siku moja kabla ya sikukuu ya Watakatifu Wote, Lugovi nzima huwa makaburini. Tunasugua mawe, tunapanda maua ya vuli, tunapanga mishumaa ya kesho, tunachunguza nani ameleta maua machache kwa mama mkwe. Manda alisafisha jiwe la Mijo kama kawaida, akaweka maua. Halafu akachukua mundu, akapita katikati ya watu wote, akatoka kwenye lango, akazunguka ukuta.

Huko nje hakuna aliyekwenda, isipokuwa Tonka, ambaye kila mwaka alisimama kando ya upupu na mshumaa ndani ya chupa ya jemu, hasogei mbele, kwa kuwa upupu ulimfika kifuani na mahali penyewe hapakuwa na alama. Tuliobaki ndani tukasogea ukutani. Grga akapanda juu ya jembe lake ili aone vizuri.

Manda aliinama akaanza kukata. Alikata bila glavu, na upupu wetu hauna adabu. Tuliona mikono yake ikiwa myekundu. Tonka akafika na chupa yake ya jemu, akasimama.

"Unatafuta nini huku, Manda?"

"Wako yuko upande gani?"

"Wa nini kwako?"

"Nionyeshe."

Tonka alikawia. Kisha akanyoosha mkono. "Pale, penye lile jiwe jeupe. Baba yake aliniambia ni hatua moja kutoka kwenye jiwe."

Manda akahamia pale, akaendelea kukata. Hakuomba msamaha, wala hakueleza habari za dirisha. Hayo padri alikuwa amekwisha kumweleza Tonka mwenyewe, na Tonka alimsikiliza akasema ataona. Manda alikata tu mpaka udongo ukaonekana, mweusi, mahali padogo pa kutosha kitambaa cha mkate. Akajinyoosha akishika kiuno.

"Ungemwita nani?" akauliza.

Mnajua, mtoto asiyebatizwa hakupewa jina. Hakuna aliyewahi kumuuliza Tonka swali hilo. Mumewe alikufa bila kumuuliza. Ukutani palikuwa kimya, hata Reza, na Reza hunyamaza akiwa anameza tu.

"Luka," akasema Tonka. Sauti ilitoka kama ya mtu anayejaribu kiatu kipya. "Nilitaka Luka. Kama baba yangu."

"Luka," akarudia Manda. Akajifanyia ishara ya msalaba kwa mkono uliovimba, akainama tena kwenye upupu uliobaki.

Tonka aliweka mshumaa wake chini, akamwangalia akikata, akashindwa kuvumilia.

"Sogea, mwanamke," akasema. "Unakata kama unamnyoa padri. Huo unang'olewa pamoja na mizizi."

Manda akasogea.